Mikono Inayopanda Yenyewe

Vijana wa Jumamosi, mmenisumbua niwaandikie niliyojifunza kazini kabla sijawaachia ukumbi, basi nimekaa naandika. Lakini nawaambia mapema, kama mnangoja maneno yaliyonyooka mtalala njaa. Nimefundisha watu kujikinga tangu nikiwa na meno yote. Nilianza na mabawabu, nikaja kwa akina mama wa soko, halafu yeyote aliyefika na viatu vya raba. Sasa nimestaafu, na kazi yenyewe naielewa kidogo kuliko siku niliyoianza. Aliyenivuruga ni Wangechi, mwanafunzi wangu bora kuliko nyinyi wote, na alinivuruga siku ya ruracio yake, siku ya kupeleka mahari. Nitafika hapo, msinikimbize.

Mnajua ninavyosimama. Mgongo ukutani, mikono nimeikunja juu karibu na shingo. Hapa mtaani kwetu Skuta majirani wanasema ati Nyambura anajiona. Kanisani nakaa benchi ya mwisho, na mchungaji alidhani kwa miaka mingi kwamba nataka kutoroka kabla ya sadaka. Si maringo wala si kutoroka. Mwili ukishafundishwa kazi hii haujui kwamba umestaafu. Mjukuu wangu akitoka nyuma ya mlango na kusema "bwii", viwiko vyangu vinafika kabla akili haijafika, na huyo mtoto sasa ananisalimia kutoka mbali kama mtu anayemsalimia chifu.

Marehemu mume wangu, Ndirangu, alikuwa fundi wa mbao, mtu mpole, mwenye ugonjwa mmoja tu: kupiga mluzi. Nikiwa jikoni namsikia anakuja, sauti mbili, ya chini halafu ya juu. Nikiwa naanika nguo, sauti mbili. Nikiwa bafuni naoga kwa karai, sauti mbili nje ya mlango. Nilimgombeza mpaka nikachoka. Nilimuuliza kama mama yake alizaa mtu au ndege. Alikuwa anacheka tu na kuketi kula. Shikeni hilo la mluzi, tutarudi.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Githaiga, askari mstaafu, mkali, na viatu vyake ungeweza kujitazama ndani. Kwake kila shambulio lilikuwa na jibu lake. Ukishikwa kola, fanya hivi. Ukishikwa mkono wa kulia, geuka hivi, piga hapa. Tuliyakariri kama watoto wa chekechea. Na tulikuwa wazuri, msidhani. Tatizo ni kwamba bawabu aliyepata alama za juu kabisa alivamiwa getini, na alipoulizwa alifanya nini, alisema alisimama akijaribu kukumbuka ni jibu la ngapi.

Siku moja mimi na Mzee Githaiga tulikuwa Karatina sokoni, yeye anachagua avokado kwa kuziminya moja moja huku mwenye mali akimtazama vibaya. Kando yetu lori la kabeji lilipasuka gurudumu. Nilitazama watu, na nilichokiona kiliniondolea usingizi. Mama wa vitunguu, mvuta mkokoteni, mhubiri mwenye kipaza sauti, wote walifanya kitu kimoja. Mabega juu, shingo ndani, magoti yamelegea, na mikono yote miwili imeruka kufunika kichwa. Hakuna aliyewafundisha. Nikamgeukia mwalimu wangu, bingwa wa majibu yote, na yeye alikuwa vilevile kama mama wa vitunguu, isipokuwa avokado ilikuwa imepondeka sikioni mwake.

Alijipangusa kwa leso polepole. Kisha akaniambia, "Nyambura, hiyo yote nilikufunza, mwili yangu haijakumbuka hata moja."

Alisema kwa huzuni, na mimi nilimhurumia, lakini pia nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma. Kuanzia siku hiyo tulitupa majibu yote. Mshtuko unapokuja, mikono itapanda yenyewe, upende usipende. Basi usiikataze. Ipe kazi. Imeshafika kichwani, sasa peleka viwiko mbele, shusha kidevu, na ingia kule kitu kinakotoka badala ya kurudi nyuma, kwa sababu anayekuvamia amejipanga kwa mtu anayerudi nyuma. Halafu piga kelele, halafu kimbia. Anayebaki kupigana baada ya kupata nafasi ya kukimbia, huyo hakunisikiliza, na kama ni wewe unajijua.

Jambo la pili ni kwamba huwezi kujifunza mshtuko ukiwa umejiandaa. Ndiyo maana niliwaweka mchambue maharagwe. Mlinung'unika kwamba mlikuja kujifunza kujikinga na Shosho, nyanya mzima, anawapa kazi za jikoni. Lakini mtu akichambua maharagwe akili yake inakwenda mbali, na hapo ndipo nilipomtuma mwenzake amsukume na godoro. Maharagwe yalimwagika, tukayaokota, tukaanza tena. Kuna mama wa Majengo anayepika mahamri, mcha Mungu, sauti ndogo. Alikuja siku moja akaniambia, "Mwalimu, dawa yako inafanya kazi, lakini jana paka ameruka kwa meza na mimi nimemwaga chai ya wateja wote." Nilimwambia ni vizuri. Nilijivuna hata.

Sasa Wangechi. Alikuwa anauza dawa kwenye duka moja hapa mjini, msichana mrefu, mwenye kucheka haraka. Asubuhi moja ya Julai, ule ukungu wetu ambao huoni hata lango lako, alikuwa anatoka Skuta kwenda kazini. Mtu alikuja kwa nyuma, akamrushia jaketi kichwani, akamburuta mpaka mtaroni. Alichukua mkoba, akamwacha na mfupa wa bega umevunjika. Mtu huyo hakuonekana tena, wala Wangechi hakuwahi kuuona uso wake.

Mfupa ulipona. Lakini alipokuja kwangu alikuwa amevaa sweta ya vifungo, na kesho yake tena ya vifungo, na baridi ya Nyeri mnaijua. Mwishowe akaniambia hawezi kuvaa kitu cha kupitishia kichwani. Nguo ikifunika macho tu, anaanza kupiga mayowe, mama yake lazima aje amvue. Alikuwa anaongea akitazama sakafu.

Nilimfundisha kwa leso ya maua, ile kanga ya kujifunga. Niliwaambia nyinyi pia: nguo ikikuangukia kichwani, usiivute. Kila mtu anaivuta, na mikono yako ikishughulika na nguo haishughuliki na mtu. Shuka chini, inua viwiko, geukia ule mkono uliokushika, na kiganja kipande juu moja kwa moja, kitakutana na uso. Mara ya kwanza alilia. Mara nyingi baadaye alilia. Tukaendelea, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka mwili wake ukawa unajua kabla yeye hajajua. Siku moja aliingia ukumbini amevaa sweta ya kupitishia kichwani, nyekundu, akakaa kuchambua maharagwe. Mimi nilikwenda chooni nikalia huko, nikarudi nikamwambia anachambua vibaya.

Basi huyo ndiye aliyepata mchumba, Muriithi, kijana wa kupandisha ng'ombe kwa sindano, anayezunguka vijijini na pikipiki na mtungi wake wa baridi. Alikuwa na miguu imejaa alama za mateke na hajali. Wangechi alimpenda sana, unaweza kuona hata akiwa amempa mgongo. Ruracio ikapangwa kwa babake, juu kidogo ya Karatina, nami nikaalikwa nikae na akina mama wa upande wa bibi harusi.

Mnajua desturi yetu. Wasichana wanafunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, wanapangwa mstari, na bwana harusi anatafuta aliye wake. Haruhusiwi kuita jina wala kusema neno. Akikosea anachekwa mpaka azeeke. Tuliwafunika tukiimba. Shangazi zake, mama yake, na mimi mwenyewe nikishika ncha ya leso. Wangechi alikuwa anacheka chini ya kitambaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria. Ilikuwa furaha, nani anakumbuka ukungu siku ya furaha?

Muriithi alizunguka mstari akitazama viatu. Alimtambua, nikaona amemtambua, maana alitabasamu. Kisha akajifanya anapita, akarudi kwa nyuma kimyakimya ili awachekeshe watu, akamkumbatia ghafla na leso yote.

Alishuka. Viwiko vikapanda. Akageukia mkono. Kiganja kikapanda juu moja kwa moja. Ilikuwa safi, vijana, sijawahi kuona ikifanywa safi namna ile, na kwa sekunde moja, Mungu anisamehe, nilifurahi. Halafu nikaona kijana amekaa kwenye nyasi, pua imekwenda upande, damu imejaa kwenye shati jeupe.

Wimbo ulikatika. Wangechi alijifunua, akaona, akapiga magoti mbele yake akisema "Pole, pole, ni wewe, sikujua ni wewe." Shangazi mkubwa wa Muriithi, mama mnene mwenye kitambaa cha kijani, akauliza kwa sauti ya kusikika hemani kote, "Huyu ni bibi ama ni askari jela?"

Wazee walikaa kando wakazungumza. Damu imeingia kwenye ruracio, walisema, kwa hivyo siku hiyo imekufa. Itaanzwa upya, pamoja na kuchagua, hakuna kuruka hatua. Na kama msichana hataweza kuchukuliwa na bwanake kwa amani mbele ya watu kama wasichana wengine, basi watarudi nyumbani na mbuzi wao na mambo yaishie hapo. Walisema kwa heshima, ndiyo sababu iliuma zaidi.

Wangechi alikuja kwangu wiki hiyo. Hakukaa hata nilipomvutia kiti.

"Mwalimu, uitoe."

"Nitoe nini?"

"Hiyo kitu uliniwekea. Itoe."

Nilimwambia mambo hayatolewi kama jino. Akasema hapana, lazima itoke, maana si ruracio peke yake. "Niko na watu wengine wa kufikiria. Nikizaa mtoto, siku moja atanirukia mgongoni kucheza. Nitamfanya aje huyo?"

Nilifundisha watu miaka yote hiyo kuiweka ndani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kuniomba niitoe. Mzee Githaiga alishakufa, singeweza kumuuliza. Nililala nikitazama dari. Niitoe vipi? Na nikiitoa, na ukungu ukaja tena, na yule mtu wa jaketi bado anatembea huko nje? Nitakuwa nimemvua msichana nguo yake ya pekee ili apate mume. Nisipoitoa, atakosa mume kwa sababu yangu. Kila upande niliogeukia nilijiona mjinga.

Tulijaribu. Tangu siku ile ya damu, hata leso peke yake ilitosha kumshtua. Nilimfunika polepole, nikiongea naye. Viwiko juu. Nilimfunika akinywa chai. Viwiko juu, na chai kwenye ukuta. Nilimfunika huku mama yake akiimba wimbo wa kanisa. Nikamwambia apumue, ahesabu, afikirie bahari, ingawa hajawahi kuiona bahari. Nilipata kiwiko kidevuni mpaka nikaona nyota. Alikuwa ananiomba msamaha kila mara, na kila mara mwili wake unafanya kazi niliyoufundisha. Siku ya ruracio ya pili ilikuwa inakaribia na sisi hatujasogea hata hatua. Nilianza kuichukia leso ile ya maua, kana kwamba ndiyo yenye makosa.

Kisha Muriithi mwenyewe akaja nyumbani, na plasta puani, na maziwa kwenye chupa. Nilidhani amekuja kunilaumu. Alikuja kunifariji, kitu kilichoniudhi zaidi.

"Nimepigwa na ng'ombe wengi," alisema. "Hii ni yangu ya kwanza ya mtu."

Nilimwambia basi nilimfundisha vizuri, asije kunililia. Akacheka, akashika pua. Akaniambia kwamba kosa lilikuwa lake, kwamba hata ng'ombe mpole, huendi nyuma yake kimya. Unaongea naye kutoka mlangoni. Unamwambia uko hapo. Nilimuonya asirudie kumlinganisha Wangechi na ng'ombe mbele ya watu wengine, na hasa mbele ya Wangechi.

Alikunywa chai yake kidogo. Kisha akauliza, kwa aibu, "Lakini Shosho, na wewe je? Mzee alikuwa anakufikia aje bila kupigwa?"

"Nilimpiga mara moja," nikasema. "Mwezi wa kwanza tumeoana. Alikuja kwa nyuma akanifunika macho, ati nibahatishe ni nani. Jino lake moja lilitoka. Baada ya hapo hakuna siku nilimpiga tena."

"Baada ya hapo alifanya nini?"

"Hakufanya kitu. Alikuwa tu anapiga mlu..."

Muriithi alinitazama, akafikiri nimeshikwa na ugonjwa. Chai ilikuwa mkononi na sikuweza kuinywa wala kuiweka chini. Miaka yote ile. Jikoni, kwenye kamba ya nguo, mlangoni mwa bafu, sauti mbili. Na mimi nikimwita ndege. Hakuwahi kuniambia hata siku moja. Alikuwa anaingia kwake mwenyewe akibisha hodi, kila siku, ili mwili wangu ujue ni yeye, na mimi mtaalamu wa mwili na mshtuko sikuona lolote. Nilimkasirikia marehemu, nawaambia ukweli. Nilitaka afufuke nimgombeze kwa nini alininyamazia, kisha nimshike mkono.

"Mluzi wa namna gani?" Muriithi akauliza taratibu.

Nilijaribu kumwonyesha, lakini meno ya mbele sina tena, ikatoka hewa tupu. Akajaribu yeye. Nikamwambia ya kwanza iwe chini zaidi. Akajaribu tena, na plasta ile puani, mpaka ikawa yenyewe, na hapo nilimwambia inatosha, aende nyumbani, ng'ombe wa watu wanamngoja.

Sikujua kama itasaidia kitu. Kwa wiki zilizobaki alikuwa akienda kwa kina Wangechi kila jioni, anapiga mluzi kutoka langoni, anaingia. Ni hivyo tu. Mimi sikumfunika Wangechi tena. Nilimwambia sina la kufundisha, akanitazama kama mtu aliyetupwa njiani, na sikumlaumu.

Siku ilipofika nilikataa kukaa na akina mama. Nilisimama nyuma kabisa ya hema, mgongo kwenye nguzo, mikono shingoni. Wasichana walitolewa wamefunikwa, wakapangwa. Na mara moja, bila kutazama viatu, nilijua Wangechi ni yupi. Leso za wengine zilianguka wima kama mapazia. Moja ilikuwa na ncha mbili zimechomoza mbele, viwiko vimeinuliwa tayari. Kwa hivyo haikutoka. Kazi yangu ilikuwa pale pale, imara, mbele ya wazee wote, na nilitamani ardhi inimeze. Shangazi wa kitambaa cha kijani alikuwa ameshaziona zile ncha na ameanza kutikisa kichwa.

Muriithi alikuja akasimama mbele, mbali na mstari. Hakuzunguka. Hakutazama viatu. Haruhusiwi kusema neno, na hakusema. Alipiga mluzi, sauti mbili, ya chini halafu ya juu.

"Nani huyo anapiga mluzi kwa boma ya watu?" shangazi akauliza.

Sote tulikuwa tunatazama zile ncha mbili. Zilitetemeka kidogo. Kisha zikashuka, polepole, mpaka leso ya Wangechi ikaanguka wima kama za wengine. Muriithi akatembea moja kwa moja mpaka mbele yake, akashika ukingo wa leso chini, akaipandisha. Msichana alikuwa amelowa machozi na anacheka, na mikono yake imelala tu ubavuni. Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga vigelegele.

Baadaye watu walinizunguka wakiniuliza nilimtibu vipi. Niliwaambia sijui, na hawakuniamini, wakadhani naficha siri ya kazi. Na nyinyi mkiniuliza kama nilifundisha sawa au vibaya, kama ile kitu iko ndani yake bado au imekwenda, nitawajibu hivyohivyo, sijui. Endeleeni kuwachambulisha watu maharagwe. Kwa mtu wa ukungu itafaa. Kwa mtu wa nyumbani sina somo.

Lakini kuna jambo sikuwaambia wale watu pale hemani. Nilipotaka kutoa leso ya mkononi nipanguse macho, niliitafuta mikono yangu shingoni na sikuikuta. Ilikuwa imeshuka. Ilishuka Muriithi alipopiga mluzi, na mimi, kabla sijazitazama zile ncha, nilikuwa nimegeuza kichwa kutazama mlangoni mwa hema.